Kuchagua ndama wa reni wa kubakiza: mwongozo kamili wa kupima uzito na kuusoma

Kati ya Septemba na Januari, wafugaji wa reni (kulungu wanaofugwa wa nchi za baridi kali) wa kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Ufini hukusanya makundi yao kutoka milimani na misituni, huyaingiza mazizini na kuamua nani abaki na nani achinjwe. Wengi wanaochinjwa ni ndama wa mwaka huohuo. Ndama aliyezaliwa Mei akiwa na kilo 5 hivi huweza kufika kilo 40 hadi 50 mwishoni mwa Septemba. Akiachwa apite majira ya baridi atakonda, na huenda asiione Aprili. Hesabu ya biashara basi ni nyepesi: uza nyama kabla theluji haijaila. Hesabu nzito ni ya wale wachache wanaobaki, kwa sababu hao ndio majike wa kuzaa na madume ya mbegu wa miaka kumi ijayo.

Mwongozo huu unawahusu hao. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mizani ni bora kuliko jicho, lakini namba inayosomeka Septemba inamhusu mama kabla ya kumhusu ndama. Anayebakiza ndama kwa kufuata namba kubwa peke yake hujikuta amechagua ndama waliozaliwa mapema na mama wenye umri mzuri, kisha akaamini kwamba amepata mbegu bora.

Kwa nini uzito

Reni jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Pacha ni nadra sana. Hivyo huwezi kuongeza uzalishaji kwa kutafuta majike wanaozaa wengi. Kinachobaki ni mambo matatu: jike azae kila mwaka, ndama wake aishi, na ndama huyo awe mzito. Yote matatu yanafungamana na uzito. Mtamba aliyekua vizuri hupandwa akiwa na mwaka mmoja na nusu na huzaa akitimiza miaka miwili. Aliyedumaa husubiri mwaka mwingine, na mwaka huo unamlisha bure. Jike mzito huzaa mapema zaidi Mei, na ndama wake hupata wiki nyingi zaidi za majani mabichi kabla ya baridi. Ndama mzito naye huingia kwenye theluji akiwa na akiba ya mafuta na nguvu ya kuchimba laikeni, vioto vidogo vya ardhini ambavyo reni hula wakati wa baridi, chini ya theluji ngumu.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Wafugaji wa eneo la Røros, Norwei, wanajulikana tangu miaka ya 1970 kwa mtindo wa kuchinja ndama wengi na kubakiza kundi lililojaa majike wa kuzaa. Dag Lenvik, mtafiti aliyefanya kazi na wafugaji wa kusini mwa eneo la reni nchini humo, alichapisha mwaka 1988 matokeo yaliyoonyesha jinsi uzito wa ndama unavyofuata umri wa mama na uzito aliokuwa nao mama huyo majira ya machipuko yaliyotangulia. Nchini Ufini, kituo cha utafiti cha Kutuharju kilichoko Kaamanen, wilaya ya Inari, kimepima reni wake na kutunza kumbukumbu za ukoo wao kwa miongo mingi.

Kazi ya kwanza ni ya Juni na Julai

Bila kujua ndama ni wa nani, mizani ya Septemba itakupa nusu ya habari, tena nusu iliyo dhaifu. Kwa hiyo uteuzi huanza wakati wa kuweka alama masikioni, si wakati wa kupima.

Reni wote wawili, ndama na mama, wanatembea huru. Njia inayotumika ni hii: kundi huingizwa zizini usiku, kukiwa na ubaridi na mbu wachache (na usiku wa Julai huko juu bado ni mwanga). Ndama hukamatwa, huvishwa shingoni kibao chenye namba, kisha huachiwa. Watu hukaa pembeni na darubini, kimya, wakisubiri ndama watulie na kuwarudia mama zao. Namba 27 ananyonya kwa jike mwenye hereni fulani, namba 28 anamfuata jike mwenye alama ya sikio la jirani. Yote yanaandikwa. Baadaye ndama hukamatwa tena, hukatwa alama ya mwenyewe sikioni, na hapo ndipo umpe hereni yenye namba yake ya kudumu.

Alama ya sikio inasema mwenye mali ni nani, haisemi mnyama ni yupi. Wafugaji wengi wanaridhika na hiyo alama. Ukitaka kuchagua kwa uzito, hereni yenye namba ni ya lazima kwa majike wote wa kuzaa na kwa kila ndama unayefikiria kumbakiza.

Andika pia tarehe ya kuzaliwa kama unaijua. Kwenye makundi yanayozalia ndani ya uzio, jambo ambalo limeenea Ufini, tarehe hupatikana. Kwenye makundi yanayozalia mlimani haipatikani, na hapo usibuni. Gawa ndama makundi matatu kwa kuwaangalia siku ya alama: wakubwa waziwazi, wa kawaida, na wachanga waliozaliwa kwa kuchelewa. Makadirio ya namna hiyo yana faida kuliko tarehe ya kujitungia.

Siku ya kupima

Chagua siku kati ya katikati ya Septemba na mwanzo wa Oktoba. Kabla ya hapo ndama bado wanakua kwa kasi, gramu 300 hadi 400 kwa siku, na tofauti ya wiki moja kati ya ndama mmoja na mwingine inaonekana kwenye mizani. Ukichelewa hadi Desemba, unapima jinsi kila ndama alivyopambana na theluji au alivyopata chakula cha nyongeza. Hiyo ni habari yenye thamani yake, ila ni habari nyingine. Madume wakubwa wapimwe kabla ya msimu wa kupandana, unaoanza mwishoni mwa Septemba. Wakati huo dume karibu haachi kufukuza majike ili ale, na huweza kupoteza robo ya uzito wake kwa wiki chache. Dume aliyepimwa mwishoni mwa Oktoba hajapimwa.

Mizani ya kielektroniki iliyo chini ya sanduku jembamba lenye milango miwili ndiyo inayofaa. Mwishoni mwa njia nyembamba ya kupitishia wanyama, ndama anaingia, mlango unafungwa, anatulia, unasoma, anatoka upande wa pili moja kwa moja kwenye zizi alilopangiwa. Kabla ya ndama wa kwanza, weka kitu chenye uzito unaojulikana, mfuko wa chakula wa kilo 25 kwa mfano, uone kama mizani inasema kweli. Rudia kila baada ya ndama thelathini au arobaini, na kila mara ondoa tope na theluji iliyoganda sakafuni. Kilo 2 za tope zinaweza kumbakiza ndama asiyestahili.

Watu wawili wanatosha kwenye daftari: mmoja anasoma namba ya hereni na uzito kwa sauti, wa pili anarudia kwa sauti huku akiandika. Inachosha kusikiliza, lakini karibu makosa yote ya kumbukumbu niliyowahi kuona kwenye mifugo ya aina yoyote yalitokana na namba iliyosikika vibaya katika kelele.

Kuna tatizo moja ambalo wengi hawalitilii maanani, nalo ni tumbo. Reni ni mcheuaji, na chakula kilicho tumboni mwake kina uzito wa kilo kadhaa. Kundi lililoingizwa zizini jioni na kupimwa mpaka saa nane mchana wa kesho yake linatoa ndama wa kwanza wakiwa wameshiba na wa mwisho wakiwa matumbo matupu. Ukiwapima ndama wako saa kumi na mbili asubuhi na wa ndugu yako mchana, wako wataonekana bora bila sababu. Suluhisho ni kuwaweka wote muda uleule bila chakula, au angalau kuandika saa pembeni ya kila uzito ili ujue nani alisubiri zaidi. Na usiwakimbize. Ndama aliyekimbizwa akapata joto kupita kiasi anaweza kufa siku chache baadaye kwa misuli iliyoharibika, hata kama alionekana mzima alipotoka zizini.

Kusoma namba

Sasa una orodha. Usiipange kutoka mzito hadi mwepesi, bado.

Tenganisha kwanza majike na madume. Ndama dume huwa mzito kuliko jike, mara nyingi kwa kilo 2 hadi 4, na wakichanganywa kwenye orodha moja majike wazuri watazama katikati.

Kisha gawa kila orodha kwa umri wa mama: wanaozaa wakiwa na miaka 2 au 3, wenye miaka 4 hadi 9, na wenye 10 na kuendelea. Mama mchanga bado anakua mwenyewe, kwa hiyo maziwa yake ni machache na ndama wake huwa mwepesi. Mama mzee meno yamekwisha. Tafuta wastani wa kila kundi, halafu mbele ya kila ndama andika amezidi au amepungukiwa kwa kilo ngapi na wastani wa kundi lake.

Mfano wa kufikirika. Ndama jike wa mama wachanga wana wastani wa kilo 39. Wa mama wa umri wa kati, kilo 44. Ndama wa kwanza ana kilo 43, na mama yake ana miaka 2. Wa pili ana kilo 45, mama yake ana miaka 6. Kwa mizani, wa pili anaongoza. Kwa hesabu, wa kwanza amezidi wenzake kwa kilo 4 na wa pili kwa kilo 1 tu. Ukitafuta mbegu, wa kwanza ndiye.

Kama una tarehe za kuzaliwa, angalia pia kasi ya kukua. Ndama aliyezaliwa Mei 12 na kupimwa Septemba 20 akiwa na kilo 48 ameishi siku 131. Toa kilo 5 za kuzaliwa, gawa, unapata gramu 328 kwa siku. Aliyezaliwa Juni 2 na kufika kilo 43 ameishi siku 110, na amekua kwa gramu 345 kwa siku. Mdogo amekua haraka zaidi. Hata hivyo siipi kasi uzito mkubwa kama wanavyofanya baadhi ya washauri. Kuzaliwa mapema kwenyewe ni sifa ya mama mwenye afya, na ukiisahihisha yote unafuta sehemu ya kile unachokitafuta. Mimi huitumia kasi kuwaamua ndama wawili wanaokaribiana, basi.

Ndama aliyepoteza mama Julai au Agosti mwondoe kwenye wastani. Uzito wake hauwahusu wengine.

Michujo mitatu

Mchujo wa kwanza unatumia uzito halisi, usiosahihishwa. Theluji haijui kwamba mama wa ndama alikuwa na miaka miwili. Weka kiwango cha chini ambacho ndama yeyote aliye chini yake hapiti, hata awe na ukoo gani. Kiwango hicho hutegemea malisho yako ya baridi: wenye laikeni nyingi na theluji laini wanaweza kushuka kidogo, wanaopata mvua juu ya theluji na barafu inayofunga malisho wapande. Kama huna kumbukumbu zako za nani aliishi na nani alikufa, anzia hapa: mwongozo wa Norwei wa mwaka 2008 wa kupima kama idadi ya reni inaendana na malisho uliweka wastani wa kilo 17 hadi 19 za nyama na mifupa kwa ndama aliyechinjwa. Kwa kuwa reni hutoa karibu nusu ya uzito wake hai, hiyo ni kama kilo 35 hadi 40 kwenye mizani ya zizi. Huo ni wastani wa kundi zima lililo katika hali ya kuridhisha, kwa hiyo ndama wa kubakiza anapaswa kuwa juu yake.

Mchujo wa pili hupanga waliopita kwa kilo walizozidi wenzao, kama tulivyohesabu juu.

Mchujo wa tatu unaangalia mama, na hapa ndipo mwongozo mzima unapolala. Ndama ana uzito mmoja tu maishani mwake mpaka sasa. Mama yake ana rekodi ya miaka. Chukua kilo za kuzidi au kupungua za ndama wake wote, zijumlishe, halafu gawa kwa idadi ya ndama ukiongeza mbili. Hiyo mbili inapunguza sifa za jike ambaye bado hajathibitisha. Jike wa ndama mmoja aliyezidi kwa kilo 6 anapata 6 kugawa kwa 3, yaani 2. Jike wa ndama wanne waliozidi kwa 4, 3, 5 na 4 anapata 16 kugawa kwa 6, karibu 2.7. Wa pili ndiye wa kuaminika, ingawa hana ndama hata mmoja aliyefikia yule wa kilo 6.

Lakini kuna mtego. Jike aliyekosa ndama mwaka jana, Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hii, humwita rotnu, hakunyonyesha majira ya joto yote. Alinenepa, na mwaka huu akazaa mapema ndama mnene. Kwa hesabu ya kilo kwa ndama ataonekana malkia. Hesabu kilo kwa mwaka. Jike aliyetoa ndama watatu wa kilo 46 katika miaka mitano amekupa kilo 138. Aliyetoa ndama watano wa kilo 42 amekupa 210. Sijui kwa nini daftari nyingi zina safu ya uzito wa ndama na hazina safu ya miaka mitupu. Iongeze.

Ukishamaliza michujo mitatu, ndipo uwaite wenye macho. Mzee aliyechunga maisha yake yote ataona mambo ambayo mizani haisemi: miguu ya nyuma inayogusana, manyoya ya kuzaliwa ambayo hayajapukutika vizuri, ndama anayekohoa, anayekaa pembeni mwa wenzake. Pembe nazo zinaeleza, kwa kuwa reni ndio jamii pekee ya kulungu ambayo majike kwa kawaida huota pembe. Ndama mwenye vijipembe vizuri ameshiba. Jicho liruhusiwe kumtoa ndama aliyepita kwenye mizani. Kumwingiza aliyeanguka, hapana, na hapo mabishano ya zizini huwa makali, hasa ndama akiwa mweupe au mwenye rangi ambayo familia inaipenda. Wanaotaka mnyama wa rangi hiyo wambakize, ila wasimwandike kwenye orodha ya mbegu.

Ubakize wangapi

Chukua kundi la majike 200 wa kuzaa. Tuseme ndama 160 wamefika Septemba, nusu yao majike. Mwaka huu unataka kutoa majike 25, wazee na wasiozaa, na unatarajia 10 wengine wafe kwa ajali, wanyama wakali au baridi. Unahitaji mitamba 35. Ukitegemea kwamba mmoja katika kumi hatapita majira ya baridi ya kwanza, bakiza 40. Hiyo ni nusu ya ndama jike wote.

Kuchagua nusu si kuchagua kwa ukali. Kama ndama wako wanatofautiana kwa kiasi cha kawaida, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi uzito unavyotawanyika kuzunguka wastani) wa kilo 5 hivi, hao 40 watazidi wastani wa wenzao kwa kilo 4. Kwa madume unabakiza 8 tu kati ya 80, na hao watazidi kwa karibu kilo 9. Wastani wa pande zote mbili ni kilo 6 na nusu. Uzito wa ndama unarithika kwa kiasi cha wastani. Tukichukulia robo, kizazi kijacho kinapata kilo 1.6, na kizazi cha reni ni kama miaka mitano. Hiyo ni gramu 300 kwa mwaka.

Ni kidogo, nami nasema hivyo ili mtu asije akadanganywa. Kiangazi kimoja kibaya kinaondoa kilo 3 kwa mara moja. Faida ya haraka ya uteuzi haipo kwenye damu bali kwa ndama mwenyewe: mzito anaishi, anazaa akiwa na miaka miwili, na anakuwa mama mzito. Faida ya pili inatoka kwa majike unaowatoa.

Majike wa kutoa

Ndama 40 wanaoingia wanadai nafasi 40 msimu huohuo, maana idadi ya reni ina kikomo cha kisheria. Ufini peke yake ina kikomo cha taifa cha reni 203,700, kilichogawanywa kwa vyama vya wafugaji, na ndani ya kila chama kuna kiwango cha mtu mmoja mmoja. Malisho yaliyozidiwa yatashusha uzito wa ndama haraka kuliko uteuzi wowote unavyoweza kuupandisha.

Waondoke kwanza waliokosa ndama miaka miwili mfululizo. Kisha wenye wastani hasi baada ya ndama watatu au zaidi. Kabla ya hapo usimhukumu jike. Kisha wazee wa zaidi ya miaka 10 ambao meno yao yamelika, hata kama ndama wa mwaka huu ni mzuri, kwani wa mwaka kesho hatakuwa. Jike mchanga aliyepoteza ndama wake wa kwanza umsamehe mara moja. Na kama ndama alichukuliwa na tai au dubu, andika hivyo; hilo si kosa la mama, isipokuwa likijirudia kwa jike yuleyule.

Madume ya mbegu

Kosa kubwa zaidi katika ufugaji huu ni kumchagua dume akiwa ndama na kumaliza hapo. Bakiza mara mbili ya idadi unayohitaji, kisha wapime tena wakiwa na mwaka mmoja na nusu na uchuje nusu. Waliobaki chini wanachinjwa Septemba, kabla nyama yao haijachukua harufu ya msimu wa kupandana, au wanahasiwa wawe wa kuvuta sleji, kigari cha theluji kisicho na magurudumu, na kuongoza kundi.

Usitegemee madume wachanga peke yao. Wanaweza kupanda, lakini kundi lisilo na madume makomavu hupata mimba kwa kuchelewa, na kuchelewa Oktoba kunalipwa kwa ndama waliochelewa kuzaliwa Juni. Kwa majike 200 uwe na madume 12 hadi 15 wa rika tofauti. Wasitoke wote kwa majike wawili watatu mashuhuri. Bakiza dume mmoja kwa kila mama, na kila miaka michache badilishana madume na mfugaji wa mbali ambaye naye anapima. Dume mmoja akitawala uwanja misimu mitatu, atakutana na binti zake, na kuzaliana ndugu kwa ndugu kunapunguza uzito uleule unaoutafuta.

Baba wa ndama kwa kawaida hajulikani. Makundi yanachanganyika wakati wa kupandana, na dume wako mzuri atapanda majike wa jirani kama vile dume wa jirani, aliyebakizwa kwa sababu hakukamatwa, atakavyopanda wako. Kwa hiyo uteuzi wa madume ni kazi ya chama au ya siida nzima, yaani kikundi cha wafugaji wa Kisami wanaochunga pamoja. Mkubaliane kiwango kimoja cha uzito kwa dume yeyote atakayeachwa, na mwenye dume asiyefikia apewe haki ya kumbakiza aliyehasiwa. Kama jirani hawakubali, weka nguvu zako kwenye majike, ambako kazi yako inabaki kwako.

Mwaka ukiwa mbaya

Kuna miaka ambayo theluji ilichelewa kuyeyuka, joto la Julai likaleta mbu na wale nzi wanaotaga kwenye manyoya ili mabuu yao yaishi chini ya ngozi, na kundi likasimama kwenye viraka vya theluji siku nzima badala ya kula. Ndama wote wanakuwa wepesi. Mwaka huo wastani wa makundi unashuka na hesabu za kuzidi zinaendelea kufanya kazi, kwa sababu unamlinganisha ndama na wa mwaka wake. Usilinganishe kamwe kilo za mwaka huu na za mwaka jana kwa mnyama mmoja mmoja.

Kiwango cha chini cha mchujo wa kwanza, hata hivyo, usikishushe. Bakiza wachache, toa majike wachache kuliko ulivyopanga, na kama unaweza kulisha, lisha ndama waliobaki peke yao ndani ya uzio tangu Novemba. Wakati huo andika nani alilishwa. Mtamba aliyelishwa nyasi na chakula cha mifuko hawezi kulinganishwa majira ya machipuko na aliyechimba mwenyewe.

Kukagua ulichokifanya

Aprili au mwanzoni mwa Mei, kundi linapoelekea malisho ya kuzalia, hesabu ndama wangapi kati ya uliowabakiza wamepita salama, na waliokufa walikuwa na uzito gani Septemba. Baada ya miaka mitatu ya hesabu hiyo utaona kilo ambayo chini yake vifo vinaongezeka ghafla. Hicho ndicho kiwango chako cha chini. Achana na cha mwongozo wa serikali.

Mwaka unaofuata, siku ya kuweka alama, angalia mitamba wa miaka miwili: wangapi wana ndama nyuma yao? Wakiwa wengi zaidi kati ya wale waliokuwa juu ya wastani wakiwa ndama, uteuzi wako unashika. Wakiwa sawa na wengine, kuna kosa katika kuwaunganisha ndama na mama, au mizani yako ilisomwa wakati matumbo hayalingani. Anza kwa kukagua safu ya saa kwenye daftari.